Zawadi za sikukuu zinatumaliza: nani aseme "mwaka huu basi" kwenye ukoo?

Mtani wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Najua bado ni Oktoba, naandika mapema makusudi. Jambo hili likifika Desemba halizungumziki tena, kila mtu ameshavurugwa.

Mimi ni mtumishi hapa Dodoma, ofisi yetu iko Mtumba, nakaa Ilazo. Nyumbani ni upande wa Mpwapwa. Tumezaliwa sita, wote tuna familia, na wajukuu wa mama wamefika kumi na tisa. Kila Krismasi tunakutana kwake. Kukutana sina tatizo nako hata kidogo, pilau ya mama naila kwa mikono miwili. Tatizo langu ni mabegi.

Kwetu imekuwa kama sheria ambayo hakuna aliyeipitisha: kila mtu mzima amletee kila mtu mzima kitu, na kila mtoto apate nguo mpya. Mawifi vitenge, mashemeji mashati, mama na mashangazi kanga na kitu cha mkononi, watoto ndo usiseme. Mwaka juzi mtoto wa shemeji yangu alikuja na viatu vya taa, vile ukikanyaga vinawaka nyekundu na bluu. Watoto wengine wote walishinda wanamfuata nyuma yeye na viatu vyake. Mwaka uliofuata kila mzazi kajipinda, uwanja mzima unawakawaka usiku kama stendi. Sasa tunasikia kuna wanaotaka baiskeli.

Na mimi kwa vile natoka "makao makuu" na ni "mtu wa serikali", natazamwa begi langu kwanza. Hakuna anayeuliza daraja langu la mshahara wala makato yangu.

Ila kilichonifanya niandike siyo mfuko wangu. Kaka yangu ni mkulima palepale kijijini. Krismasi iliyopita alinipa shati zuri tu, limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Baadaye shangazi akaninong'oneza kwamba kaka aliuza karanga alizokuwa ametenga kwa ajili ya mbegu ili na yeye "asionekane". Desemba, mvua ndo imeanza, mtu anauza mbegu anunue shati la mdogo wake mwenye kabati la mashati! Na nimesikia hayuko peke yake, dada mwingine alikopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa.

Sisi tulioajiriwa tunadhani tunafurahisha watu. Kumbe tukiweka kiwango juu, wenye hali ya chini wanalazimika kukifikia, na hawatasema, kwa sababu kusema ni kujivua nguo.

Pendekezo langu: zawadi za watu wazima kwa watu wazima zife kabisa. Zibaki za wazee na za watoto, nazo zipunguzwe. Swali langu kwenu: nani aseme? Nikisema mimi nitaambiwa nimekuwa bahili baada ya kupata kiwanja.

---

Dume la Nkuhungu

Yaani umefungua uzi Oktoba kukwepa Desemba. Hii sasa ni mipango ya muda mrefu 😂

Ila kweli mkuu, hata wale mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane mara moja tu. Hakuna andiko linalosema walirudi mwaka uliofuata na viatu vya taa.

---

Wifi Mkubwa

Mimi naomba niseme kitu kama mwanamke niliyeolewa kwenye ukoo mkubwa. Mkuu, ukishalitamka wewe, hutaambiwa wewe ni bahili. Ataambiwa mkeo. "Kaka alikuwa anatupa vizuri tu, tangu amuoe yule." Nimeyaishi haya. Mume wangu alipunguza vitenge kutoka vya wax hadi vya kawaida, mimi wala sikujua, alinunua mwenyewe pale sokoni Sabasaba. Mwaka mzima mawifi walinipa salamu za juu juu.

Kwa hiyo ushauri wangu: asiseme mwenye kipato kikubwa, na asiseme yeyote aliyeolewa au kuoa humo ndani. Aseme mtu ambaye hana cha kuokoa kwenye jambo hilo. Kwenu nadhani ni huyo shangazi aliyekunong'oneza. Anajua siri, na kwa umri wake hakuna wa kumjibu.

---

Mkulima Kibaigwa

Mleta mada, nimesoma hapo kwenye karanga nikanyamaza kwanza.

Watu wa mjini hamjui kalenda yetu. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikifika Aprili imeondoka. Mazao tunavuna kuanzia Mei. Desemba ndo mwezi tuliokauka kuliko yote: ghala limepungua, hela ya trekta au ng'ombe wa kulimia inatakiwa, mbegu inatakiwa, na vibarua wa palizi ukichelewa kujipanga nao wanakwenda kwa mwenzako. Sokoni hapa Kibaigwa mahindi Desemba yana bei nzuri, lakini anayeuza muda huo ni mwenye stoo. Mkulima mwenyewe aliuza Julai.

Halafu ndo mnashuka na mabegi. Tunafurahi, sikatai. Ila tunaanza kupiga hesabu tutarudisha nini, maana kwa Mgogo kupokea tu bila kutoa ni aibu, na mtu akishakuja nyumbani kwako haondoki mikono mitupu.

Kama unataka kumpa kaka yako kitu cha Desemba, mpe mbegu. Kilo kadhaa za mtama wa Macia au alizeti, umpe mwanzoni mwa mwezi, siyo tarehe 25 wenzake wameshapanda. Hakuna shati linalofikia hapo.

---

Mtani wa Ilazo

Mkulima Kibaigwa, hapo kwenye kupokea bila kutoa umenigusa. Ndiyo maana naona dawa siyo mimi kuendelea kutoa halafu nimwambie yeye asitoe. Hiyo itakuwa dharau. Lazima wote tuache pamoja.

Wifi Mkubwa, nimecheka lakini nimeelewa. Mke wangu nimemsomea, kasema "huyo dada mpe soda".

---

Binti Kondoa

Sisi kwetu ukoo umechanganyika, nusu Waislamu nusu Wakristo, na tunasherehekea zote. Kwa hiyo hesabu zenu zidisheni mara mbili, ukiweka na Idd ya kuchinja mara tatu.

Ila niwaambie tunavyoona tofauti. Kwenye Idd el-Fitr kuna kitu kinatangulia: zakatul-fitri inatolewa kabla ya swala ya Idd, chakula kinachokadiriwa kilo mbili na nusu au pungufu kidogo kwa kila kichwa cha nyumba, mtoto mchanga naye anahesabiwa. Inakwenda kwa asiye nacho. Kiwango kinajulikana, tajiri na maskini wanahesabu kwa kichwa kilekile. Baada ya hapo watoto wanapewa mkono wa Idi, mia tano, elfu, wanazunguka nyumba kwa nyumba. Basi. Hakuna mtu mzima anayesubiri begi la mtu mzima mwenzake.

Babu yetu ndo aliyesema na Krismasi iwe hivyohivyo: watoto wapewe mkono, wakubwa wale. Wakristo wetu walinuna mwaka mmoja, wa pili wakashukuru.

Na jiandaeni, Idd inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2033 Idd el-Fitr inatarajiwa kuangukia siku mbili tatu hivi kabla ya Krismasi, kutegemea mwezi. Kama hamjapunguza zawadi mpaka hapo, mtauza nyumba.

---

Dume la Nkuhungu

2033 mimi nitakuwa nimehamia kusikojulikana.

---

Fundi Cherehani

Nasoma huku nakata nguo, wakuu. Mniruhusu nitetee biashara kidogo halafu nitoe siri.

Nguo ya mtoto ya sikukuu mnayonunua dukani tarehe 22 Desemba mnauziwa haraka yenu. Gauni lile la nyavu lenye maua kifuani, ukilifua mara mbili nyavu inakakamaa, mtoto anajikuna, linawekwa kabatini mpaka limbane. Suti ya mtoto wa miaka minne yenye tai ni hivyohivyo, anavaa kanisani mara moja.

Familia zenye akili zinakuja kwangu Novemba. Wanachagua kitambaa kimoja, wananunua jora au wanagawana jora na familia nyingine, watoto wote wanashonewa sare. Wasichana gauni, wavulana shati. Mtoto wa miaka sita yadi mbili zinamtosha na kipande kinabaki cha mdogo wake. Kuanzia hapo hakuna mtoto wa tajiri wala wa maskini kwenye picha, wote wametoka kitambaa kimoja. Mimi pindo la chini naacha kubwa, mwakani tunalishusha.

Hii ya sare ndiyo iliyoua mashindano kwa wateja wangu wengi kuliko mahubiri yoyote. Viatu kila mzazi ajue mwenyewe.

---

Kibubu Hakina Mdomo

Naongezea upande wa hela, mimi ni mtunza hazina wa kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, hapa Kizota.

Vikundi vingi vinavunja mzunguko Desemba. Akiba ya mwaka mzima na faida yake vinagawanywa wiki moja au mbili kabla ya Krismasi. Watumishi nao mara nyingi mshahara wa mwezi huo unatoka mapema. Kwa hiyo mtu anajikuta ameshika hela nyingi kuliko mwezi wowote, akili inamwambia ametajirika. Kumbe hiyo ni hela ya Januari imepita kumsalimia.

Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali iliondolewa, 2016 mpaka kidato cha nne na 2022 wakaongezwa wa cha tano na sita, lakini ada siyo sare, siyo daftari, siyo mchango wa chakula. Mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza bweni anaijua ile fomu ya kujiunga: godoro, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, shuka za rangi fulani ambayo haipatikani. Na kodi ya nyumba kuna wanaolipa miezi sita.

Sisi tulibadilisha tarehe. Mgao sasa tunafanya wiki ya kwanza ya Januari. Wanachama wawili walitoka kwa hasira, mmoja amerudi. Mleta mada, kama dada yako yuko kwenye kikundi mwambie apeleke hoja hiyo. Na wa kausha damu asimguse tena, riba ya pale mtu anakopa laki tatu ya vitenge na mpaka Pasaka bado anadaiwa.

---

Mama Pacha

Mbona mnazungumza kama zawadi ni ugonjwa? Mimi napingana na uzi.

Mama yangu anaishi peke yake Chamwino. Kitenge nilichompeleka mwaka fulani hajakishona mpaka leo, kakiweka kwenye sanduku, akija mgeni anakitoa: "hiki kaniletea mwanangu". Hicho kitenge kinafanya kazi kuliko kingevaliwa. Mkishaanza kupima kila kitu kwa mbegu na godoro mtabaki na ukoo unaokutana kama mkutano wa bodi, mnasomeana bajeti.

Kuna watu wanaoguswa mara moja kwa mwaka. Mnataka kuwaondolea na hiyo?

---

Mtani wa Ilazo

Mama Pacha, rudi juu usome, wazee nimewaacha. Kitenge cha mama hakiguswi, hata kama itabidi nitembee kwa miguu kutoka Mtumba. Ninachokiua ni mimi kumpa shemeji shati na shemeji kunipa shati, tunabadilishana mashati kila mwaka kama wachezaji mpira baada ya mechi.

---

Mama Pacha

Haya, kama wazee wamo sawa. Lakini dada zako waulize kwanza. Kuna mwanamke hapo kwenu hajanunuliwa kitu na mume wake tangu Pasaka, kitenge chako cha Desemba ndo nguo yake mpya ya mwaka. Usimtoe kwenye orodha kwa sababu tu ni "mtu mzima".

---

Wifi Mkubwa

Mama Pacha kapiga palepale. Hili hawa wanaume hawalioni.

---

Karani wa Ukoo

Kuna njia ya katikati, sisi tunaifanya. Kura. Majina ya watu wazima wote yanaandikwa kwenye vikaratasi, kila mtu anaokota mmoja, huyo ndiye unayemletea zawadi, wengine huna deni nao. Kila mtu anapata kitu kimoja, kila mtu ananunua kimoja. Huyo mwanamke wa Mama Pacha anapata kitenge chake.

Ila ina mitego yake, nisiwafiche. Mume na mke wasiokotane, watadanganya. Kiwango kiwekwe chini ambako yule mwenye hali ngumu kuliko wote anafika bila kukopa, siyo katikati. Sisi tuliweka elfu ishirini, mkulima wetu akasema kumi, tukaenda na kumi. Vitu vya shambani viruhusiwe: kuku, dumu la alizeti, debe la karanga vinahesabika. Na walio mbali wanaokotewa na mtu mmoja asiyeweza kufanya upendeleo, kwetu ni bibi, hajui kusoma, anatoa tu kikaratasi.

Mtego mkubwa ni mwenye nacho kuvunja kiwango. Kuna mjomba mmoja mfanyabiashara aliokota jina la binti wa kaka yake akamletea simu janja. Wote wengine tuliokuwa na kanga na sufuria tukajiona wajinga. Mwaka uliofuata aliambiwa mbele ya watu: ukitaka kumpa mtu simu, mpe Machi.

---

Mkulima Kibaigwa

"Mpe Machi." Hii nimeipenda. Machi ndo tunakula mlenda bila mafuta, mngetukumbuka huo mwezi.

---

Mgeni wa Treni

Mimi niko Dar, wazazi wako Kikuyu hapo Dodoma. Nikumbushe jambo ambalo hamjaligusa: wageni. Zamani kuja Dodoma ilikuwa basi kutwa nzima, watu wanakuja wachache. Tangu treni ya SGR ianze 2024, nauli ya daraja la kawaida ikaanzia 31,000, kama saa nne tu mtu ameshuka, kila binamu amegundua kwamba ana shangazi Dodoma. Krismasi iliyopita nyumbani tulilala kama dagaa. Hata ukifuta zawadi, mchele, soda na mbuzi vinakula zaidi.

Tulichofanya: kila anayetangaza anakuja anatajiwa na kitu chake. Wewe mafuta ya kula, wewe kreti la soda, wewe mchele. Anatuma hela wiki mbili kabla kwa mtu mmoja, na ya kutolea. Ambaye hajatuma anakaribishwa, ila ndiye anayeosha masufuria.

---

Dume la Nkuhungu

Mimi wa masufuria, tuonane huko.

---

Mtani wa Ilazo

Wakuu nashukuru, naona pameiva. Jumapili nilimpigia shangazi. Sikumwambia nataka kupunguza gharama, nilimsomea maneno ya Mkulima Kibaigwa kuhusu kupokea bila kutoa. Akanyamaza, akasema "huyo mtu ni wa wapi? Anajua". Amekubali kusema yeye, na atasema kwenye kikao cha arobaini ya jirani mwezi ujao maana karibu wote tutakuwepo. Mahali penyewe siyo pa kusherehekea lakini kwetu mambo makubwa yanasemewa hukohuko.

Tulivyokubaliana mimi na yeye: mama na mashangazi wanapata vitu vyao kama kawaida, tunachanga. Watu wazima kura, kiwango atataja kaka yangu mkulima, na yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, siyo wa mwisho kupewa taarifa. Watoto sare ya kitambaa kimoja. Hela inayobaki kwangu inakwenda kwa mtoto wa dada anayesubiri kuingia kidato cha kwanza.

Mama ndo bado. Shangazi anasema mama anapenda ule mlima wa mabegi sebuleni, majirani wanapita wanauona. Hilo sijui tutalifanyaje.

---

Mama Pacha

Mabegi ya nguo zenu za kulalia yapangeni sebuleni, majirani hawatafungua.

---

Wifi Mkubwa

😂😂 Mama Pacha umeokoa ukoo wa watu.

---

Binti Kondoa

Kwenye kanga za mashangazi someni maandishi kabla ya kulipa. Kaka yangu alimpelekea mama mkwe doti yenye kijembe, ilibidi aende mshenga kuomba radhi.

---

Fundi Cherehani

Mtani, kumi na tisa hao si wachache. Niletee vipimo: kifua, kiuno kwa wasichana, bega mpaka goti, na umri uandike pembeni maana mnapimaga vibaya. Kitambaa chukua wewe ila unipigie kabla, kuna kile kinachochuja rangi kinauzwa bei rahisi sana msimu huu. Mwisho wangu wa kupokea oda ni tarehe 20 Novemba. Baada ya hapo hata ukija na shangazi sipokei.